Mnyamwezi Mwenye Boti

Kofia ya mtani wangu nilimvua siku ya kwanza tulipokutana, na hakuipata tena mpaka anakufa. Asije mtu akaniambia niliiba. Ilikuwa ndani ya ukumbi mmoja wa kanisa hapa Toronto, Watanzania tumekusanyika kusherehekea Uhuru, nje theluji, ndani pilau, na mimi Mwislamu wa Kisarawe nimekwenda kanisani kwa ajili ya pilau hiyohiyo. Mbele yangu kwenye foleni ya chakula alisimama bwana mmoja mrefu, mkimya, amevaa kofia ya bluu ya nahodha, ile yenye nanga ya rangi ya dhahabu mbele. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, nyumbani wapi?" Akasema Tabora. "Kabila?" Akasema Mnyamwezi. Ebo! Nikaichomoa ile kofia kichwani kwake, nikajivika, nikamwambia, "Na mzigo wangu je? Babu yangu anausubiri Kisarawe tangu enzi za Mjerumani. Mmeutupa wapi?"

Vijana waliokuwa nyuma yetu wakashtuka, wakadhani ngumi zinakuja. Yule bwana akanitazama kutoka unyayoni mpaka kwenye kofia yake. "Mzaramo," akasema. "Ndiyo maana pilau imepungua kabla hatujafika." Tukashikana mikono, tukacheka mpaka mama aliyekuwa anapakua akatugombeza kwamba tunazuia foleni.

Kwa asiyejua, nimweleze. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakishuka na mizigo kutoka bara kwenda pwani, na njia yao ilipita kwetu. Wakagombana na babu zetu, wakapatana, wakazikana. Tangu hapo sisi na wao ni watani. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya mkweo na kuchukua chako, na ukinuna umeaibika wewe. Lakini kazi yake kubwa iko msibani. Wafiwa wanalia, mtani halii. Yeye anakuja amevaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea na kukoroma, analala kaburini, anazuia maiti isitoke mpaka wenyewe wamgomboe kwa chochote, hata kwa kikombe cha chai. Watu wanacheka katikati ya machozi, halafu mazishi yanaendelea. Kwetu, mtu asiyefanyiwa hivyo hajazikwa, amefukiwa tu.

Basi huyu ndiye niliyempata, mimi niliyekuwa nakaa peke yangu kwenye ghorofa la Etobicoke, mke tumeachana, jioni naongea na redio. Yeye alikaa St. James Town na binti yake mmoja. Mkewe alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Alifanya kazi usiku kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini, akirudi asubuhi anampikia binti uji, anampeleka shule, ndipo alale. Kiswahili binti alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza.

Sasa kichekesho chenyewe ni hiki: mimi wa pwani naogopa maji, na yeye wa Tabora, ambaye maji makubwa aliyoyajua utotoni ni ya kisima, alipenda boti kuliko chakula. Sijui aliutoa wapi ugonjwa ule. Aliniambia kwao kulikuwa na kalenda ukutani yenye picha ya boti nyeupe, na kalenda ile ilikaa miaka mingi baada ya tarehe zake kuisha. "Mzazi wako angetundika picha ya ng'ombe," nikamwambia, "leo ungekuwa tajiri."

Kila mwaka kiangazi kikianza kuchoka kulikuwa na maonyesho ya boti ya nje, kandokando ya ziwa. Mtani hakukosa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ndipo aliponikokota kwa mara ya kwanza. Nilikuwa sijui kuwa kuna mtu mzima mwenye akili zake anayekwenda kutazama boti zilizofungwa, tena siku ya dhoruba. Maana siku hiyo upepo ulitoka ziwani kama umetumwa na mtu. Mahema yanapiga makofi, viti vya plastiki vinakimbia vyenyewe, na yale magati ya kuelea yanapanda na kushuka chini ya miguu yetu mpaka nikaanza kusoma dua za safari. Boti za fahari, nyeupe pee, zilikuwa zinagongana mbavu, na wauzaji waliovaa suti wameziangukia kamba huku tai zinawapiga usoni.

"Turudi, wewe Mnyamwezi!"

"Mwisho wa gati tu, mtani. Mwisho wa gati tu."

Huko mwisho wa gati ndiko walikoziweka zilizotumika. Mvua ikashuka ghafla, ya mawe, na mzee mmoja wa Kizungu akatufungulia mlango wa boti yake kuukuu tujifiche. Ilikuwa na kijichumba chini chenye vitanda viwili vyembamba na jiko dogo la gesi, na harufu ya blanketi lililolala likiwa bichi. Mtani akaenda moja kwa moja kukaa kwenye usukani. Mvua ilipiga, ikapungua, ikakatika. Yule mzee akafungua mlango. Mimi nikatoka. Mtani hakutoka. Nikamwita. Nikarudi ndani nikamkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, na mbele kulikuwa na tangi la maji taka la kampuni ya vyoo.

"Mzaramo," akasema bila kugeuka, "una akiba kiasi gani?"

Nilimtukana matusi yote ya kwetu, nikamaliza nikaanza na ya kwao. Tukainunua. Nusu yake, nusu yangu. Nilifanya vile kwa sababu nilimpenda yule mtu, na sikuwa na mwingine wa kumtukana.

Ziwa lenyewe hatukuliweza. Lile ni bahari iliyokosa chumvi. Boti tuliipandisha kwenye trela tukaipeleka mbali mashariki ya mji, kwenye mfereji mrefu unaounganisha mito na vijiziwa. Huko boti zinakwenda polepole, na penye mwinuko kuna malango. Unaingiza boti ndani ya chumba cha zege, nyuma yako milango inafungwa, halafu maji yanajazwa, nawe unapanda polepole mpaka unatokea juu kwenye majani mabichi, watu wanakula aiskrimu wanakutazama. Ukiwa unarudi ndiyo kinyume: maji yanatolewa, nawe unashuka mpaka kuta zinakuwa ndefu, nyeusi, zenye ute.

Ndani ya chumba kile boti hushikwa na kamba. Unaizungusha kwenye nguzo ya juu, unashika ncha mkononi, maji yakishuka unaiachia kidogokidogo. Mimi mwaka ule wa kwanza nilikuwa na hofu. Nikaona upepo unatusukuma, nikasema moyoni, kamba hii mkononi itaniponyoka, bora niifunge. Nikapiga fundo la kwetu, lile la kufungia mbuzi wa Idi. Maji yakaanza kushuka. Boti upande wa nyuma ikashuka. Upande wangu haukushuka. Lahaula! Ikaanza kuning'inia, sufuria zikatoka kabatini, chupa ya chai ikavunjika, wasichana waliokuwa wanaendesha lango wakapiga mayowe, na mimi nimekumbatia nguzo ya mlango natoa shahada. Mtani akaja na kisu cha jikoni, akaikata kamba. Boti ikaanguka majini kwa kishindo, maji yakaturukia mpaka usoni.

Alikaa sakafuni akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akapaza sauti, kuta zote zikaitikia: "Kamba haifungwi, Mzaramo! Inashikwa!"

Akaning'ang'ania na neno hilo kwa miaka. Nikifunga kamba za viatu, analo. Nikifunga mlango wa gari, analo. Akinipigia simu asubuhi baada ya kazi badala ya salamu anaanza, "Kamba haifungwi," nami namalizia, "Nenda ukalale, mpagazi wewe." Sauti yake ilikuwa nene, na alipokuwa kwenye boti ile alipiga kelele kwa kila kitu, kwa bata, kwa madaraja, kwangu mimi. Usingemdhania ni mtu yuleyule. Kwake nyumbani, binti akiwepo, alizungumza kwa sauti ya chini, maneno machache: umekula, umesoma, funga koti. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini hamleti mtoto kwenye boti. Akasema mtoto asome. Mtoto akamaliza shule, akaingia chuo, akaanza kazi, bado asome tu.

Siku aliponiomba lile jambo moja tulikuwa huko kwenye mfereji mwishoni mwa msimu. Upepo ulikuwa mkali kiasi cha kwamba wafanyakazi wa lango walituambia tusiendelee, kijiziwa cha mbele kimechafuka. Tukajibana ukutani chini ya lango, kamba mbele na nyuma, hizo zikiwa za kufungwa kweli, nami nikazifunga kwa majivuno. Mvua ikapiga juu ya paa usiseme. Tukawasha jiko, tukachemsha chai ya tangawizi na matobolwa yake, vile viazi vya kukausha alivyoletewa kutoka Tabora, ambavyo mimi huviita soli za viatu na huvila vyote.

Wiki ile alikuwa ametoka kumzika mfanyakazi mwenzake. Tangu asubuhi hakuwa amempigia kelele hata bata mmoja. Kisha akasema, "Walinong'ona, mtani. Mtu amekufa, watu wamekaa kwenye viti, wananong'ona, utadhani wanaogopa atawasikia. Kinanda kikalia kidogo. Tukatoka. Tukapewa mikate yenye nyama ya baridi. Basi."

"Ndivyo wafanyavyo huku."

"Mimi usikubali." Akaweka kikombe chini. "Nikifa usikubali nitoke kimyakimya vile. Uje. Upige kelele. Unifunge kamba, Mzaramo, nisitoke mpaka wanigomboe. Nimetoka mbali sana, siwezi kunong'onewa."

Nilitaka kumfanyia mzaha, nikashindwa, maana macho yake hayakuwa ya mzaha. Nikamwuliza, "Na binti yako? Hajui mambo hayo. Ataniona kichaa."

"Nitamwambia."

"Umwambie."

"Nimesema nitamwambia, wewe mwanamume una kichwa kigumu kama dafu."

Tukala soli zetu, tukalala, na upepo ulivuma mpaka asubuhi. Nimeukumbuka usiku ule mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu.

Ugonjwa ulimwanza kwenye ini. Miaka ya elfu mbili na kumi ilikuwa imeshafika katikati, sisi wote wawili ndevu nyeupe. Alilazwa hospitali ileile aliyoifulia mashuka, nami nikamwambia, "Angalia basi, umelala juu ya kazi yako." Alicheka kwa shida. Nilikwenda kila nilipoweza, nimevaa kofia yake, nikakaa pembeni ya kitanda namtukana, na manesi wakanizoea. Lakini binti akiingia tu mtani alibadilika, anakuwa baba. Ananyoosha shuka. Anauliza umekula. Nami nazungusha kofia mapajani. Tukibaki wawili namwuliza, "Umemwambia?" Anafumba macho. "Kesho." Namwambia, "Mnyamwezi, kesho zako zinapungua." Anasema, "Nitaanzaje? Nimekaa naye miaka yote hii sijawahi kumchekesha hata mara moja. Leo nianze na habari ya mtani kulala kaburini?"

Hakumwambia. Alifariki alfajiri moja ya mwezi wa kumi. Binti mwenyewe akanipigia simu, akasema kwa Kiingereza chake cha adabu kwamba baba amepumzika, na mazishi yatakuwa Jumamosi, na kwamba ningekaribishwa. Ningekaribishwa! Mimi! Nikasema asante mwanangu, pole mwanangu. Nikakaa kitandani. Machozi yakataka kuja nikayakataza. Mtani halii.

Jumamosi nilivaa kofia. Nikavaa jaketi lake la kujiokolea la rangi ya chungwa, lile la kwenye boti, na kamba nikaitupia begani. Kwenye basi watu walinihama. Nyumba ya mazishi ilikuwa na zulia nene lisilotoa sauti, maua meupe, kinanda kinalia kwa mbali, na watu wamekaa kwenye viti wananong'ona. Wananong'ona! Vilevile alivyosema. Damu ikanipanda.

Nikaingia katikati kwa mwendo wake, mabega mbele kama mtu aliyebeba pembe za ndovu. Nikapaza sauti yake, sauti yake hasa, nilikuwa nayo kooni: "Nani huyu kalala mchana? Amka, mpagazi! Lango linafungwa! Mzigo wangu haujafika na wewe unajinyoosha kwenye sanduku la maua!" Nikatukana bata. Nikatukana daraja. Nikaigiza anavyoshika ubavu akicheka. Halafu nikalifikia jeneza, nikapitisha kamba kwenye mpini wake, nikapiga fundo, nikaketi chini sakafuni. Nikasema, "Haendi mtu hapa. Mpaka nigombolewe."

Nikasubiri.

Ndugu msomaji, kule kwetu hapo angekuja shangazi mmoja analia na kucheka, kanibebea kuku. Angekuja mjomba na kikombe cha maji. Mtu yeyote. Watanzania walikuwepo pale, safu mbili nzima, watu wazima wanaojua mtani ni nini. Niliwatazama mmoja mmoja. Waliinamisha vichwa wakasoma karatasi za ratiba. Mama mmoja, yuleyule wa pilau, alicheka kwenye kitambaa, alipoona wenzake hawacheki akajifanya anakohoa. Walimwonea haya mchungaji na Wazungu wa hospitalini. Wanafiki wakubwa! Neno moja tu la kwenda kumnong'oneza yule binti, lingewapunguzia nini?

Aliyekuja ni binti mwenyewe. Akapiga magoti, akalifungua lile fundo, na vidole vyake vilihangaika nalo kwa muda mrefu kwa sababu nilikuwa nimelikaza. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza akaitazama kofia yangu, akaijua kutoka kwenye picha za zamani, akaivua kichwani kwangu. "Ulifunga kamba kwenye jeneza la baba yangu," akasema. "Baba yangu hakuwahi kupiga kelele maishani mwake. Simjui huyo mtu unayemwigiza. Tafadhali toka."

Ningemwelezaje? Usilolijua ni usiku wa giza, na aliyekuwa na taa alikuwa ndani ya sanduku. Nikatoka. Nilisimama kituo cha basi na jaketi langu la chungwa, upepo wa mwezi wa kumi unakusanya majani barabarani, na gari la maiti likapita mbele yangu na msafara wake kimyakimya. Nikainua mkono nishike kofia kumuaga, mkono ukakuta upara. Makaburini sikwenda. Nilikuwa sijui hata ni makaburi gani.

Mwaka mzima nilimkasirikia yule Mnyamwezi. Nilimwambia kila siku, peke yangu jikoni: ulisema utamwambia. Hasira ilinisaidia nisilie. Nikiacha kukasirika kidogo tu niliona ile safu ya vichwa vilivyoinama, nikaona nimeshindwa jambo moja tu aliloniomba.

Kisha mzee wa kanisa akanipigia simu kunifikishia ujumbe. Binti amerithi nusu ya boti, haihitaji, anaomba iuzwe. Sawa. Iuzwe. Nikaikodia trela, nikairudisha palepale ilipotoka, kwenye maonyesho ya ukingoni mwa ziwa, mwisho wa gati, pamoja na zilizotumika. Na hali ya hewa ikawa ileile, utadhani imewekwa kwenye friji. Mahema yanapiga makofi. Viti vinakimbia. Watu wengi walikimbilia mabandani, lakini kijana mmoja na mchumba wake walikuja wamelowa chapachapa, wakaingia, yule kijana akakaa kwenye usukani, na nilipoona mikono yake ilivyoushika nikajua imekwisha. Wakasema wataifuata jioni.

Nikabaki ndani napangusa sufuria. Nikahisi gati limeinama kwa uzito wa mtu. Nikachungulia. Ni yeye, binti, koti limejaa upepo, mkono mmoja kichwani ameishikilia kofia ya bluu.

"Shikamoo, anko," akasema. Hilo tu ndilo lilikuwa la Kiswahili.

"Marahaba. Kofia yangu hiyo."

"Ya baba," akasema.

Nikamkaribisha ndani. Alikuwa hajawahi kuingia mle. Alitazama vitanda viwili vyembamba, jiko, kikombe cha baba yake chenye mpini uliovunjika, kinachoning'inia kwenye msumari. Akauliza kila kitu kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyokuwa siku zote. Nikachemsha chai. Boti ilikuwa inaruka, akashika ukuta. Halafu akaniambia alilolijia. Mama wa pilau alikuwa amekwenda kumwona wiki ile. Dhamira ilikuwa inamsuta, mwaka mzima, ndipo akamweleza mtani ni nani na kazi yake ni ipi.

"Kwa nini baba hakuniambia?"

"Alisema kesho."

Akainamia kikombe. Nikamwambia yote, kofia, usiku wa dhoruba chini ya lango, alivyosema siwezi kunong'onewa. Alilia bila sauti, kama baba yake alivyofanya mambo yake yote nyumbani. Mimi nilipangusa sufuria iliyokwisha kukauka.

"Kuna kitu sikukuambia na mimi," akasema. "Siku ya mwisho, kabla hajazima kabisa, alikuwa anaongea na mtu ambaye hayupo. Alikuwa anacheka, anko. Sijawahi kumsikia anacheka vile. Alirudia maneno yaleyale. Niliyaelewa neno kwa neno lakini sikuelewa yanahusu nini. Nikamwuliza mchungaji, hajui. Lakini alikuwa anacheka alipoyasema. Kwa hiyo nilipotengeneza jiwe la kaburi, sikutaka aya ya kawaida. Niliandika hayo."

Akatoa simu, akaifuta kwa koti, akanipa. Nikavaa miwani. Lilikuwa jiwe la kijivu kwenye nyasi. Jina lake, miaka yake. Na chini, kwa herufi kubwa zilizochongwa vizuri na mtu asiyejua hata silabi moja ya Kiswahili: KAMBA HAIFUNGWI, MZARAMO. INASHIKWA.

Niliishika ile simu kwa mikono miwili. Mimi niliyepiga fundo kwenye jeneza lake, mbele ya watu wote! Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, mpaka binti akaogopa akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha jiwe kwa kidole tu. Nikamweleza habari ya lango na fundo la mbuzi, kwa sauti ya baba yake, na safari hii akacheka naye, na meno yalikuwa ya baba yake.

"Hapo chini ya maandishi," nikamwuliza nilipopata pumzi, "kuna nafasi?"

"Ipo kidogo. Kwa nini?"

"Ya jibu. Mtani hajibiwi kwa kimya."

Akaweka kikombe chini, akavuta koti, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, anatafuta kila neno, "Utamjibu nini, anko?"

Nikafikiri. Mimi ni Mzaramo, sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, na yule mtu nilikuwa nimemjibu kwa simu, kwenye malango, kitandani kwake hospitalini. Nje upepo ulikuwa unaigonga boti kwenye gati, na yule kijana na mchumba wake walikuwa wanakuja kwa mbali na trela yao. Binti alikuwa ananisubiri, kofia ya baba yake kichwani. Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo nilipoanza kumlilia.